Akili mnemba, akili unde au akili bandia: kwani lazima kila kitu tukitungie jina?

Steshenari Moro (mleta mada)

Wakuu habari za jumapili. Najua kwa hii mada nitapigwa mawe ila acha nipigwe.

Juzi dogo wangu wa kidato cha tatu kaniuliza bro hivi AI kwa Kiswahili inaitwaje, nikamjibu akili mnemba maana ndio nasikia kwenye hotuba na taarifa za habari, dogo akacheka, anasema yeye mahali kasoma imeandikwa akili unde. Tukaingia mtandaoni kutafuta mshindi, tukakuta wengine wanaandika akili bandia na wengine akili ya kubuni. ChatGPT imetoka Novemba 2022, juzi tu hapo, kitu kina majina manne tayari na mtaani kila mtu anasema ei-ai na maisha yanaendelea.

Sasa mimi nina steshenari karibu na chuo hapa Moro, mwaka wa saba huu. Watu wanakuja kuprinti, kuskani, kutoa kopi, kuomba ajira, kuomba mkopo wa chuo, wengine wanakuja tu kuchaji simu umeme ukikatika kwao. Miaka yote hiyo sijawahi kusikia mteja anasema "kaka nimesahau nywila". Wanasema paswedi. Sijaona anayekuja na kipakatalishi begani, wanakuja na laptopu, na mafaili yako kwenye flashi. Sasa haya maneno yanatungwa kwa ajili ya nani?

Hoja yangu ni hii, tuache kutunga. Meza tulichukua kwa Mreno, shule kwa Mjerumani, baiskeli kwa Mwingereza, lugha haikufa. Kompyuta ni Kiswahili, paswedi nayo ni Kiswahili. Mnaotetea nywila karibuni, ila mje na sababu msije na matusi.

Mwalimu wa Kitale

Mleta mada umegusa kidonda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Kenya na nimefundisha tarakilishi, rununu na runinga miaka kumi na nane, mtoto akiandika kompyuta kwenye insha nazungushia kalamu nyekundu. Akishatoka langoni saa kumi jioni hilo neno analivua pamoja na sare. Jumatatu analivaa tena.

Lakini sikubali kwamba kosa ni la neno. Tarakilishi limeundwa vizuri, tarakimu na akili, mtu ukimfafanulia mara moja halimtoki. Hebu angalieni watu wa Iceland, hawafiki hata laki nne, nchi nzima ni kama kaunti moja ndogo ya huku kwetu, na kompyuta wanaiita tölva. Aliyelitunga ni mwanazuoni wao Sigurður Nordal miaka ya 60, akachukua tala yaani namba akaiunganisha na völva, mwanamke mtabiri wa hadithi zao za kale. Yani ni tarakilishi ileile! Na hilo jina mtoto analitumia, mvuvi analitumia, kila mtu.

Tofauti ni moja, wao neno lilikuja wakati mashine yenyewe ndio imeingia chuo kikuu chao, hakuna mtu wa mtaani aliyekua ashaizoea kwa jina lingine. Sisi tarakilishi ilitufikia kompyuta ishakaa sebuleni na kuvishwa kitambaa cha mama.

Kijana wa Ei-Ai

Mnajadili jina la mtoto, mtoto ashaanza kupanda ngazi.

Fundi Simu Mwanjelwa

Mkuu wa steshenari, nywila sawa hawasemi, nakubaliana na wewe, mimi mwenyewe sisemi. Na kishikwambi je?

Kabla ya sensa ya 2022 nani alikua anasema kishikwambi? Watu walikua wanasema tableti, wengine "ile simu kubwa". Ikaja sensa, Agosti 23, makarani wakapewa vishikwambi, matangazo redioni vishikwambi, kwenye semina vishikwambi, sensa ikaisha walimu wakagawiwa vilevile vishikwambi. Leo hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwalimu akija ananiambia fundi kioo cha kishikwambi kimepasuka, na mama muuza nyanya jirani yangu anamuuliza hicho kishikwambi umenunua au umepewa. Hakuna aliyefundishwa darasani! Neno limekuja na kitu chenyewe, tena kitu cha kusaini, ukipoteza unalipa. Kitu cha kusaini jina lake huwezi kulisahau mkuu.

Kwahiyo ukisema maneno ya kutunga hayashiki, unatoa mfano mmoja unauacha mwingine.

Steshenari Moro

Fundi hapo umenishika. Kishikwambi nalisikia hata mimi, nimeshaprinti fomu za makabidhiano zimeandikwa hivyohivyo. Ila hiyo serikali ilikua inagawa kitu mkononi. Nywila nani anagawa?

Mie wa Matemwe

Assalam alaykum. Nyie wa bara mnanchekesha kweli. Akili mnemba! Sie huku Matemwe tukitoka nje asubuhi Mnemba tunaiona ile pale mbele yetu, kisiwa, wazungu wanapelekwa kuzamia kutazama samaki. Mjomba wangu ana boti, siku ya kwanza kusikia akili mnemba kwenye redio kaniuliza hio akili imekuja kufanya utalii?

Basi tuache masikhara. Mleta mada umetaja meza na shule lakini ile tunayoishika mkononi kutwa hukuitaja, simu. Hili neno asili yake sīm ya Kiajemi, maana yake waya. Kebo ya telegrafu ilifika Unguja 1879 ikitokea Aden kupita chini ya bahari, na wazee wetu wakaiita kwa kile wanachokiona, waya. Baadae ikaja ya kusema kwa mdomo wakaiita simu ya mdomo, na ile ya kuandika simu ya maandishi, halafu ikaja isokuwa na waya kabisa wakaiita simu ya upepo. Sasa tunayo mkononi haina waya wala nini, ukiondoa wa kuchajia, na bado inaitwa waya. Hakuna anaelalamika.

Na ndugu yangu wa Kitale umetaja Iceland, basi nnakwambia jambo, wao simu wanaiita sími, ni neno lao la kale likimaanisha uzi au kamba, wakalifufua. Sie waya, wao kamba, na hatukuambizana!

Mie ninachokisema ni kuwa kutunga si lazima uunge vipande kama seremala. Chukua neno ambalo lishakuwepo ulipe kazi mpya. Muamala tulikuwa tunausoma chuoni, yaani madrasa, kwenye fiqhi (sheria za dini), biashara na kukopeshana, leo ni pesa ya kwenye simu. Wakala vilevile. Salio vilevile. Nani kawahi kulalamika kuwa hafahamu salio?

Fundi Simu Mwanjelwa

Salio wanalifahamu sana shekhe, wasilokua nalo ndio wanaongoza kulifahamu.

Mtoto ya Goma

Jambo bandugu. Miye ni mtoto ya Goma, niko Montréal tangu 2014, Kiswahili yangu munisamehe.

Kwetu mambo ni ingine. Miye kompyuta sikuiita vile nikiwa Goma, tulikuwa tunasema ordinatere, na vocha yenu kwetu ni unite, ukiishiwa unite unabipa mutu. Sasa sikieni. Hii ordinateur tuliyokopa kwa Wafaransa, nao waliitunga! Mwaka 1955 kampuni ya IBM kule Ufaransa ilikuwa inataka kuuza mashine, wakamuandikia mwalimu wa Kilatini wa chuo kikuu ya Sorbonne, Jacques Perret, awaambie wataiita je. Akawajibu kwa barua, ordinateur, neno ya zamani ya kanisa ya kusema Mungu anaepanga dunia. Mashine ikauzwa na hiyo jina. Leo Mfaransa ukimuambia ilitungwa hata haamini.

Lakini hao hao Wafaransa mwaka 2013 serikali yao ikatangaza kwamba hashitagi iitwe mot-dièse. Watu walicheka mpaka. Sababu ni nini? Hashitagi ilikuwa ishajaa Twitter miaka kadhaa, wao wanafika nyuma na karatasi.

Huku Québec, jimbo ya Kanada yenye kusema Kifaransa, ndio kali zaidi. Imeili ni courriel, na watu wanaisema kweli, si ya kwenye fomu peke yake. Kuchati walitunga clavardage, kibodi na kupiga domo pamoja, hiyo vijana sisikii wakiisema sana. Barabarani kibao cha kusimama kimeandikwa ARRÊT, wakati Ufaransa kwenyewe kimeandikwa STOP. Wana sheria tangu 1977, wanaiita loi 101, duka, kazi, bango, vyote Kifaransa mbele. Courriel ilitoka huku, Ufaransa ikaikubali rasmi 2003, na mutu wa Paris bado anakuambia nitumie mail. Kwahiyo neno ni ileile, luga ni ileile, inchi moja inaisema inchi ingine haiisemi. Bila kitu nyuma yake neno inakaa tu.

Steshenari Moro

Ndugu wa Goma Kiswahili chako kinaeleweka kuliko cha baadhi ya watu humu, usiombe samahani.

Naona sasa hoja yangu inabidi niivunje mwenyewe nusu. Nilisema tuache kutunga. Lakini ordinateur ilitungwa kabla boksi halijafunguliwa, tölva nayo hivyohivyo, kishikwambi kilikuja kimebebwa na karani wa sensa. Wote hao jina liliandikwa juu ya boksi. Mot-dièse na tarakilishi zimekuja watu washachana boksi washatupa. Hapo sawa nimeelewa, shida ni kuchelewa, kutunga kwenyewe hakuna kosa.

Ila sasa ndio nauliza tena kwa hasira zaidi. Hii ei-ai ndio kwanza tunafungua boksi, na badala ya kuwa na jina moja tunayo manne. BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, ipo tangu 1967, Zanzibar kuna BAKIZA, baraza lao, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki nayo makao yake hukohuko Zanzibar. Si wakae mezani siku moja wachague tujue moja?

Mwalimu wa Kitale

Ndugu yangu, ukikalisha Mkenya na Mtanzania mezani kuchagua neno moja, chai itapoa. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo. Mwenzetu atasema bandia si zuri kwa sababu linanuka ughushi, kama noti bandia au dawa bandia, na ni kweli, mzazi akisikia mtoto anasomeshwa na akili bandia atamhamisha shule. Mwingine atasema unde ni wazi kwa sababu limetoka kwa kuunda. Mimi niko hapo kwenye unde, lina mantiki, na mwanafunzi analifafanua mwenyewe bila kamusi. Mnemba mpaka leo sijaelewa linamsaidia nani, na bwana wa Matemwe amelimaliza kabisa.

Na mnajua nini kinaniuma? Huku Lipa na M-Pesa jina lake ni Kiswahili safi, toka mwaka 2007 M-Pesa iko mikononi mwetu, alafu meseji yangu ya kupokea pesa inakuja kwa Kiingereza. Nasikia huko Tanzania inakuja na "Imethibitishwa". Sasa neno kama kuthibitisha mwanafunzi wangu namfundisha kwa mifano mitatu ubaoni, huko mtu analisoma mara tano kwa siku na pesa iko ndani. Nitashindana na hiyo?

Kijana wa Ei-Ai

Mwalimu lakini Iceland yako na tölva yao yote, 2023 ilitangazwa wanashirikiana na OpenAI, wenye hiyo ChatGPT, ili mashine ijue lugha yao, walikua wanaogopa watoto wataongea na vifaa kwa Kiingereza tu. Kwahiyo kuwa na neno zuri la kompyuta hakukuwaokoa, walitaka kompyuta yenyewe iwajibu. Sisi tuko zaidi ya milioni 200 tunagombania mnemba na unde, mimi nataka niiambie hiyo kitu kwa Kiswahili cha Mbagala inielewe bila kunijibu kama mhubiri. Ikinielewa muite mnavyotaka.

Mie wa Matemwe

Hapo kijana kasema. Mie nimeijaribu, nimeiuliza habari za pepo za kusi na kaskazi na maji ya bamvua, Kiswahili chake kimenyooka lakini ni cha mtu asiyewahi kutia mguu baharini.

Fundi Simu Mwanjelwa

Ngoja niwape ya leo mchana alafu nifunge kibanda.

Kaja mama mmoja mtu mzima, simu yake siku mbili haipigi haipokei, kashaenda kwa fundi mwingine kaambiwa laini imekufa. Nikaichukua, mwanae wa Dar kamuwekea Kiswahili kila kitu ili asipate shida. Kushusha pale juu nakuta imewashwa hali ya ndegeni. Nikamwambia mama simu yako iko kwenye hali ya ndegeni. Akanitazama, akasema mwanangu mimi hata pale Songwe uwanjani sijawahi kufika, hiyo ndege nimepanda lini?

Nikazima, meseji zikaanza kumiminika, moja ya muamala wa elfu thelathini toka kwa huyohuyo mwanae, mama akaisoma mwenyewe kwa sauti mpaka kwenye salio. Nikamuuliza mama nikurudishie Kiingereza, mafundi wengi ndio tumezoea huko tunajua kila kitu kilipo? Akanipokonya simu. Anasema iache hivyohivyo, pale palipoandikwa Mipangilio nishapajua, hiyo ya ndege ndio sikua naijua, na sasa naijua.

Nikamchaji buku. Akanipa mia tano, nyingine kasema atatuma.