Naomba ushauri: mashine ya umeme ya kukaza misuli kwa mgonjwa wa mapafu

Ndugu zangu, poleni na kazi. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, tunaishi naye hapa Mbale. Ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao daktari anauhusisha na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni, kwani hajawahi kuvuta sigara. Dawa za kuvuta kwa pampu anazitumia ipasavyo, na kila asubuhi tunafanya naye zoezi la kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa. Hata hivyo, akitoka chumbani hadi mlangoni hulazimika kushika mwimo kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka, kabla hajaweza kuitikia salamu.

Mtaalamu wa fiziotherapia ametueleza kuhusu mashine inayopitisha umeme mdogo kwenye vibandiko vya ngozi ili misuli ijikaze yenyewe. Anapendekeza mapaja, kwa kuwa miguu yenye nguvu haimchoshi mgonjwa upesi; mimi nilifikiria misuli ya tumbo, ambayo ndiyo inayosaidia kukohoa. Mama hana kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, jambo tuliloulizwa kwanza kabisa.

Kwa mliowahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii, je, tuanze na mapaja au tumbo? Na ni dalili zipi zikitokea tuizime mashine mara moja?