Koti la studio na picha za profaili: tupeane uzoefu, nani alishaumbuka?

Mtoto wa Ubungo:
Wakuu salaam. Jana nimepita Mwenge, ile studio bado ipo na koti bado limetundikwa kwenye msumari ule ule. Nikasimama nikacheka peke yangu kama chizi.

Mnalijua hilo koti. Bluu iliyokolea, moja tu, linavaliwa na mwembamba na mnene. Ukiwa kimbaumbau fundi anakukusanyia mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, ukiwa bonge linaachwa wazi nyuma, mbele unaonekana meneja. Tai imefungwa tangu enzi hizo, ina lastiki, unavalishwa kama mkufu. Chini mimi nilikuwa na bukta na kandambili.

2016 nimemaliza chuo, nikapiga pale nikabandika kwenye CV. Nikaitwa usaili kampuni moja mjini. Wamekaa watatu, mama wa katikati anafunua makaratasi, anasita, anafunua tena. Akatoa CV nyingine akailaza pembeni ya yangu, akaniuliza: "Hii ndiyo sare ya chuo chenu?" Nikachungulia. Jamaa simjui, ila koti nalijua. Kifungo cha juu cha kahawia, vingine vyeusi. Tai ile ile ya mistari. Wakacheka wote, na mimi nikacheka kwa kuchelewa. Kazi sikupata. Wewe uliyekuwa kwenye ile CV nyingine, kama umo humu jitokeze, sisi ni ndugu.

Haya, na nyie mwageni.

Bi Mkora:
Hilo koti lina manukato ya wilaya nzima 😂

Kibanio:
Na kitana kimefungwa kamba kwenye kioo ili kisiibiwe. Umenikumbusha mbali sana mkuu.

Fundi Laiti:
Mimi niko upande wa pili wa kamera, mwaka wa 11 huu. Msilicheke koti, mteja anakuja na jezi anataka picha ya kuombea kazi benki, nimfanyeje?

Mnachokosea si koti, ni umbali. Mtu anapiga selfi mkono ulipoishia, pua iko karibu na kamera kuliko masikio, kwa hiyo pua inavimba na masikio yanajificha. Halafu anasema simu mbovu. Mpe mwenzio akupige, arudi nyuma mita moja na nusu au mbili, utakata picha baadaye. Lenzi yangu ya picha za sura ni milimita 85, nayo kazi yake kubwa ni kunilazimisha nisimame mbali.

Jingine, ukuta mweupe. Kamera ikijipimia mwanga yenyewe inaona weupe mwingi, inapunguza, uso wa mtu mweusi unatoka kivuli. Tafuta ukuta wa kijivu au bluu, kaa karibu na dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja, uso uugeuzie dirisha nusu. Flashi ya usoni kwa ngozi zetu inakupa paji la uso linalong'aa kama sufuria.

Zakayo wa Simu:
Fundi unapiga debe la studio. Simu yangu ina kamera tatu na inafifisha nyuma yenyewe. Elfu thelathini yako kaa nayo.

Fundi Laiti:
Hiyo simu imekufifishia na sikio la kushoto kwenye DP yako. Kaangalie.

Zakayo wa Simu:
Umeenda kuchungulia DP yangu??

Fundi Laiti:
Ipo hadharani ndugu. Na sikio halipo.

Bi Mkora:
Nimeenda kuangalia. Kweli halipo 😭

Mama Vitenge:
Mmenitonesha kidonda. Nimesoma nikasema leo niseme.

Nauza vitenge. 2022 nilijilipia picha za kibiashara, elfu themanini pamoja na kupambwa. Blauzi nyeupe, koti la kwangu mwenyewe (mimi si wenzenu), mikono nimekunja, tabasamu la kistaarabu. Nikaweka WhatsApp na kwenye ukurasa wa duka. Wateja wakaongezeka, nisiwe mnafiki.

Miezi kadhaa mbele, Jumamosi, duka limejaa. Anaingia mama mmoja mtu mzima na kijana wake. Hasalimii. Ananitazama, anatazama simu, ananitazama tena. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri kabisa pembeni ya meza ya kukatia, akakaa sakafuni katikati ya duka. "Sitoki humu mpaka unirudishie laki moja na themanini yangu."

Nikajua mgonjwa. Kijana akanipa simu. Ni mimi. Koti langu, hereni zangu, meno yangu. Jina wameandika "Madam Rehema, Afisa Mikopo". Mkopo wa milioni tatu bila dhamana, ila tuma kwanza hela ya fomu. Akatuma. Kisha bima. Akatuma. Kisha "ya kufungulia akaunti". Akatuma, na hiyo ya mwisho aliuza mbuzi. Mpwa wake ananunua vitenge kwangu, alipoonyeshwa picha akasema huyu namjua, duka lake napajua. Wakapanda basi kutoka Morogoro.

Sasa unakataaje uso wako mwenyewe? Nasema "mimi siye", na picha ni mimi! Wateja wakaanza kutoka mmoja mmoja, mwingine anarekodi. Tukaenda polisi kwa bajaji moja, tumebanana, hatusemeshani. Nikatoa namba zangu zote na kitambulisho cha NIDA, ikaonekana namba ya tapeli si yangu na ina jina la mtu mwingine kabisa. Tukaandikiwa RB (namba ya taarifa polisi), mimi ya kwangu na yeye ya kwake.

Tunatoka nje akanishika mkono: "Lakini mwanangu, ulivyotabasamu kwenye ile picha, ndiyo maana nikaamini."

DP yangu sasa ni kitenge kilichokunjwa. Basi.

Kibanio:
Aliuza mbuzi. Dah.

Mzee wa Posta:
Pole sana dada. Hela yake ilipatikana?

Mama Vitenge:
Wapi. Hata hiyo namba ilishazimwa siku ile ile.

Nyundo Butu:
Hii chai. Mtu atoke Morogoro kwa ajili ya laki na themanini?

Bi Mkora:
Nyundo Butu wewe hujawahi kutapeliwa wala kuuza mbuzi. Nyamaza.

Nyundo Butu:
Nimeuliza tu, mmeanza kunirarua.

Mzee wa Posta:
Namba za matapeli zitumeni kwenda 15040. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, utashangaa. Picha ya mtu ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, malalamiko yanapelekwa kwenye Tume. Hata hao mafundi wanaotundika sura zetu nje ya studio kama tangazo, waombe kwanza.

Fundi Laiti:
Mimi naomba.

Kibanio:
Mimi niko nje ya studio moja Sinza tangu 2014, nimefifia mpaka nimekuwa wa kijani. Sikuombwa.

Wa Eastleigh:
Huku kwetu Kenya 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kibanio, wewe ni tajiri na hujui.

Zakayo wa Simu:
Turudi kwenye mada. Ushauri wangu: weka nembo ya biashara, sura yako acha nyumbani.

Binti Chumbageni:
Mbaya sana hiyo. Mimi sinunui kwa mtu asiye na sura. Weka sura, ila weka na jina la duka juu ya picha, kifuani hapo, tapeli ahangaike kulifuta.

Nyundo Butu:
Au weka picha mbaya. Hakuna tapeli atakayeiba.

Zakayo wa Simu:
Ndiyo maana yako haijaibiwa.

Mwenye Mwanya:
Langu dogo. Kuna programu za akili bandia unaipa selfi kumi inakurudishia umevaa suti. Nikajaribu. Suti safi, kola imekaa, nyuma ofisi ya vioo. Nikamtumia mama kule Lindi. Akapiga saa hiyo hiyo: "Huyu nani?" Ni mimi mama. "Mwanya uko wapi?" Kuangalia, imeniziba mwanya! Huu mwanya ni wa bibi yangu mzaa mama, ndio uliomwoza. Na kovu la nyusi limeondoka. Nikairudia mara nne, kila mara meno yamekaa kama vigae. Mama akaniambia futa hiyo maiti.

Bi Mkora:
Watu wanalipia wawekewe mwanya, wewe unazibwa bure 😂😂

Mzee wa Posta:
Peleka picha kama hiyo ubalozini ndipo utajua. Wanaocheza bahati nasibu ya Green Card ya Marekani, picha ni ya mraba, nyuma peupe, isiyozidi miezi sita, miwani hairuhusiwi tangu 2016. Shemeji yangu aliirudia picha ya mwaka wa nyuma ile ile, akatolewa.

Binti Chumbageni:
Peupe tena? Fundi si amesema ukuta mweupe unatufanya kivuli?

Fundi Laiti:
Peupe sawa, ila mwangaze mtu kivyake na ukuta kivyake, na kamera iongezewe mwanga kidogo. Asimame mita moja mbele ya ukuta. Nije nichore?

Kibanio:
Usichore. Tupe bei.

Dogo wa Makumbusho:
Jamani mimi huwa nasoma tu, leo nimejisajili kwa ajili ya hili. Mtoto wa Ubungo, kile kifungo cha juu cha koti niliking'oa mimi. 2015, nimechelewa kwenye mahafali, fundi anavuta kibanio nyuma na mimi navuta mbele, kikaruka. Nikakitia mfukoni nikasema kesho nitarudisha. Ninacho mpaka sasa, kwenye kopo la sindano la mke wangu.

Mtoto wa Ubungo:
Kwa hiyo ni wewe uliyeninyima kazi.

Dogo wa Makumbusho:
Nikirudishe?

Mtoto wa Ubungo:
Jumamosi saa nne, Mwenge. Njoo na sindano.