Premiamu ya hisa katika mizania ya KenGen: fedha hizo zimekaa wapi?

Mwenye hisa chache

Ndugu zangu, nina hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, tangu mwaka 2006, tulipouziwa kwa shilingi 11.90 kila moja. Katika mizania ya kampuni, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji wake, naona mtaji wa hisa wa takriban shilingi bilioni 16.5, na chini yake mstari wa premiamu ya hisa wenye bilioni 22 na ushei. Je, hizo ndizo fedha tulizolipa sisi mwaka ule? Na kama zipo, mbona hatugawiwi hata sehemu yake miaka ambayo gawio huwa dogo?

Mhasibu mstaafu

Hapana, ndugu, fedha zako za mwaka 2006 hazimo humo. Mauzo yale yalikuwa ya serikali kupunguza umiliki wake kwa asilimia 30, kwa hiyo ulichonunua ni hisa zilizokuwapo tayari, na malipo yalikwenda Hazina. Mtu akimuuzia mwenzake sehemu ya matatu yake, tangi la gari haliongezeki mafuta.

Premiamu huzaliwa pale tu kampuni yenyewe inapotoa hisa mpya kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa kwenye hisa, ambayo kwa KenGen ni shilingi 2.50. Mwaka 2016 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 6.55. Aliyechukua hisa 1,000 alilipa shilingi 6,550. Kati ya hizo, 2,500 ziliandikwa kwenye mtaji wa hisa na 4,050 kwenye premiamu. Sehemu kubwa ya mstari unaouona ilitokana na toleo hilo, baada ya kuondoa gharama za kulitoa.

Msomaji wa hesabu

Nakubaliana na mzee, ila naongeza jambo ambalo wengi hulipita. Serikali, yenye asilimia 70, haikuleta fedha taslimu mwaka 2016, bali deni la takriban shilingi bilioni 20 ambalo kampuni ilikuwa ikidaiwa nayo liligeuzwa kuwa hisa. Kwa hiyo tusiifikirie premiamu kama akiba iliyofungiwa benki: inaeleza tu mtaji ulitoka wapi, ilhali mtaji wenyewe ukiutafuta utaukuta upande wa mali, katika visima vya mvuke vya Olkaria na mitambo iliyojengwa kwa mikopo ile.

Kuhusu gawio, Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 hairuhusu premiamu igawiwe kama faida. Inaweza kufidia gharama za kutoa hisa, au kulipia hisa za bonasi wanazopewa wanahisa bila malipo. Bei ya hisa ikipanda au ikishuka katika Soko la Hisa la Nairobi, mstari huo haubadiliki hata kwa senti moja.

Mwenye hisa chache

Nashukuru sana. Basi ninapotaka kujua uwezo wa kulipa gawio, nitazame jumla ya akiba zote zilizoandikwa kwenye mizania?

Mhasibu mstaafu

La, tazama faida iliyolimbikizwa peke yake, yaani ile iliyobaki bila kugawiwa. Akiba itokanayo na kuthaminiwa upya kwa mitambo na majengo nayo ni kubwa, lakini ni ongezeko la thamani kwenye karatasi, na mwanahisa halipwi kutokana nayo. Kisha fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, kwa sababu kampuni ya umeme inaweza kuwa na faida nzuri vitabuni huku wateja wake wakubwa wakiwa bado hawajailipa.