Naomba ushauri: mashine ya umeme ya kusagia pilipili manga

Habari zenu ndugu. Mama yangu vidole vinamuuma, kinu na mchi hawezi tena, na kwake pilau bila pilipili manga iliyosagwa papo hapo si pilau. Nikamnunulia mashine ndogo ya betri. Wiki ya tatu ikawa inanguruma tu, haisagi. Kuifungua, nakuta unga umegandamana kwenye meno, kwani alikuwa anaishika juu ya sufuria inayotoa mvuke. Nimeisugua kwa brashi kavu, inasaga kidogo halafu inakwama.

Nataka kumnunulia nyingine kabla ya Idi. Meno ya kauri au ya chuma, yapi yanadumu? Na hizi za kuchaji zina nguvu kweli? Mwenye nayo nyumbani anisaidie tafadhali.