Ndugu yangu kafia njiani akirudi kutoka kazi ya Voi. Mwajiri asema si shauri lake

Dada_Mtongwe
Hamjambo humu. Ndugu yangu alikuwa fundi wa friji katika kampuni moja hapa Mombasa, mwaka wa sita huu. Mwezi wa pili alitumwa Voi kutengeneza friza ya hoteli. Gari la kampuni lilikuwa gereji, msimamizi akamtumia nauli kwa M-Pesa, 1,200 kwenda na kurudi. Jioni akirudi, matatu aliyopanda ikaingia chini ya trela karibu na Maungu. Hakufika hospitali.

Sasa wakubwa wake wasema alikuwa keshamaliza kazi, na gari si lao, kwa hivyo tukadai bima ya matatu. Wamemletea wifi yangu bahasha ya 50,000 na karatasi ya kutia sahihi. Hajaitia, karatasi iko kwangu chini ya godoro. Polisi walitupa mkoba wake wa vifaa. Ndani mna kitabu cha kazi, hoteli imegonga muhuri na kuandika saa kumi na robo. Kona imelowa mafuta ya kompresa lakini yasomeka. Je, chafaa kitu? Watoto wawili, mdogo hajaacha ziwa.

Fundi_Miritini
Pole sana dada, Mungu amrehemu. Karatasi isitiwe sahihi kabisa. Huyo alitumwa, na kurudi ni sehemu ya kutumwa, ama walitaka alale Voi? Wanamchanganya (makusudi, naona mimi) na mtu anayetoka kwake asubuhi kwenda kibaruani kwa nauli yake. Huyo ndiye ana kazi ngumu ya kudai, isipokuwa kama amebebwa na gari la mwajiri, hapo sheria ya fidia ya ajali kazini (WIBA) ya 2007 yamhesabu yuko kazini. Hicho kitabu kipige picha kila ukurasa, na ujumbe wa nauli pia.

Bin_Kisauni
Bima ya matatu mdai, lakini hilo ni dai jingine. Halimwondolei mwajiri lake.

Mama_Nuru
Poleni. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, nimeipita njia hiyo. Nendeni ofisi ya usalama na afya kazini. Fidia ya kifo ni mshahara wa miezi 96, na mwajiri anatakiwa awe amekata bima ya wafanyakazi wake. Dai liingie kabla ya miezi 12 tangu kifo. Ulizeni pia kama kampuni iliripoti, maana kifo huripotiwa ndani ya saa 24. Yangu hawakuripoti.

Chukueni cheti cha kifo, karatasi ya mshahara, abstrakti ya polisi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha ndoa. Mimi nilicheleweshwa na cha ndoa. Kilikuwa kimeliwa na mchwa, nikarudi kwa kadhi kutafuta nakala.

Dada_Mtongwe
Mshahara wake ulikuwa 28,000. Nimepiga hesabu mara tatu: 2,688,000. Na wao walikuja na bahasha! Picha nimeshapiga. Kesho twashuka na feri ya saa moja. Wifi auliza aje na mtoto au amwache kwa nyanya yake?

Mama_Nuru
Aje naye. Na mbebe maji, pale mtakaa.