Tupeane uzoefu: umeshawahi kulipia brauza?

Mtoto wa Makorora: Wakuu, dogo wa ofisini kaniuliza leo kama alipie brauza (programu ya kufungulia kurasa za mtandao), dola kadhaa kwa mwezi. Nikacheka, halafu nikakumbuka mwaka 2003 nilivyotamani kulipia brauza ya Opera ili lile bango la matangazo pale juu liondoke. Dola 39! Nani mwingine alifika huko? Tiririkeni.

Kiroboto: Lile bango! Limekaa kwenye kioo cha inchi 14 kama mpangaji asiyelipa kodi.

Fundi wa Zamani: Umenikumbusha mbali. 2004 nilikuwa nasimamia kafe ya intaneti ya mashine sita, Tanga mjini. Bosi aliposikia dola 39 kwa leseni aliniangalia kama nimemtukania mama yake. Kesho yake kaja na CD ya stendi, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Ndani kuna kajiprogramu ka kutengeneza namba za leseni. Ukikafungua kanapiga muziki. Bango likatoweka, nikanunuliwa soda.

Wiki ya pili anaingia mama mmoja, mteja wetu wa kila Jumamosi, binti yake yuko Muscat. Siku hiyo hakukaa. Kasimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani: "Mwanangu, nani kamwandikia binti yangu kwamba nimelazwa, nataka pesa?" Binti alishatuma riali 150. Tulipochunguza, mashine nne kati ya sita zilikuwa zinanasa kila herufi inayobonyezwa, hata nywila za barua pepe. Bosi alimrudishia mama pesa kwa mafungu, miezi mitano. Mimi kazi iliisha siku ile ile. Mume wa yule mama tunaswali msikiti mmoja, mpaka leo natokea mlango wa nyuma.

Binti Sayari: Yarabi. Mama aliwahi kurudi kafe?

Fundi wa Zamani: Hakurudi.

Kiroboto: Kosa hapo ni CD ya stendi, siyo kutolipa.

Fundi wa Zamani: CD ya stendi ilikuja kwa sababu gani?

Mzee wa Modemu: Nyie watoto. Brauza ya Netscape nayo ilikuwa inauzwa. Microsoft akaitoa Explorer bure pamoja na Windows, Januari 1998 Netscape wakasalimu amri, nao wakatoa yao bure.

Kiroboto: Mzee acha kamba, chuoni tuliitumia bure.

Mzee wa Modemu: CHUONI. Wanafunzi waliruhusiwa, ofisi zililipa. Soma kabla hujanirukia.

Shemeji Mkuu: Opera wenyewe walifuta bei Septemba 2005. Mliolipa Agosti poleni.

Pweza Mkavu: Mimi hapa. Kaka yangu wa Oslo alitoa kadi yake. Mwezi haujaisha, bure! Deni hilo alilitaja kwenye harusi yangu, mbele ya wakwe.

Binti Sayari: 😂😂 Mimi ningelipia Opera Mini, ile ya simu. Nokia 2700, kurasa zinaminywa kwenye mitambo ya Opera kabla ya kukufikia, vocha ya mia tano unasomea wiki.

Shemeji Mkuu: Bure hakuna. Mwaka 2022 Google ilimlipa Apple dola bilioni 20 ili tu Google iwe ndiyo ya kutafutia iliyowekwa tayari kwenye Safari, brauza ya Apple. Hela hiyo inarudi kwa kukuchungulia unatafuta nini.

Pweza Mkavu: Wanichungulie tu, watakuta bei za bati.

Kiroboto: Dogo aweke Firefox na kizuia matangazo, habari imeisha.

Mzee wa Modemu: Alipe, kama inamwingizia mkate.

Binti Sayari: Kwanza hiyo kadi ni ya nani?

Mtoto wa Makorora: Wakuu, dogo kumbe kashalipa tangu asubuhi. Nimemkuta anatafuta pa kusitishia.

Fundi wa Zamani: Asiende stendi tu.