Gari inakatala kukata viraji, kisha nyuma inachomoka

mwana_katuba: Jambo bandugu ba Lushi. Tunatengeneza gari ya kukimbia kwa piste ya duara ya udongo, kushoto tu kama kule Marekani, inasukumwa na pine za nyuma. Katikati ya viraji mbele inateleza, minakata volani lakini haisikie, nikikanyaga mafuta ya kutoka mu kiraji, nyuma inachomoka. Niongeze uzito nyuma?

fundi_kamalondo: Mudogo, usiguse nyuma kwanza! Ugonjwa iko mbele. Sababu mbele haishike, unazidisha volani, na pale mbele inashika ghafla njo nyuma inakimbia. Ponesha mbele kwanza.

mzee_kipushi: Ni kweli. Pima kila pine kwa mizani: mbele kuume na nyuma kushoto, jumulisha, gawanya na uzito yote. Ikipita 50% sana gari inakuwa nguvu kukata, ikishuka inakata mbio lakini nyuma inalegea, na kwa udongo mukavu hiyo ni hatari sana. Badilisha kitu moja tu kisha uzungushe, bila ile hautajua nini ilisaidia.

mwana_katuba: Asanti bakubwa. Pine ya mbele kuume imekulika upande wa inje.

fundi_kamalondo: Basi ilaze kichwa (upande wa juu wa ile pine) ndani kidogo, anzia pale.